Kwa nini wamama wa mikoani wanafika Ocean Road (hospitali ya kansa Dar) kansa ya titi ishafika hatua ya 3 na 4?

Binti_Katavi:
Wakuu habari za jioni. Shangazi yangu yuko Mpanda, ana miaka 46, mwaka jana kabla ya Ramadhani alishika kiuvimbe titi la kushoto, kama punje ya maharage, hakiumi kabisa. Akaenda zahanati siku mbili baadae, wakamwambia ni jipu linatunga, akapewa antibayotiki, zikaisha akapewa nyingine, hivyo hivyo mara tatu. Kuja kufika hospitali kubwa wakamchukua kinyama cha kupima, majibu yakakaa wiki saba maana sampuli ilipelekwa mkoa mwingine. Sasa hivi ngozi imevutika na kwapani kuna tezi, wanasema hatua ya 3 kati ya 4, wanajiandaa kumleta Dar. Jirani yangu hapa Tabata, Dar, alishika uvimbe mwezi wa nne, mwezi wa sita ashafanyiwa operesheni, hatua ya 1. Ugonjwa huohuo. Na kinachoniuma zaidi ndugu wanamsema shangazi eti alizubaa. Kweli alizubaa?

Nesi_wa_Zamu:
Pole sana dada. Hajazubaa huyo, mtu aliyeenda zahanati siku ya pili amezubaaje? Mimi nimekaa zahanati ya kijijini Rukwa miaka 6, nakwambia ukweli, mafunzo tunayopigwa ni malaria, wajawazito, chanjo, watoto. Mama akija na uvimbe kwenye titi ultrasound huna, ana miaka 30 au 40 unawaza maziwa yameganda au jipu, unampa dawa anaenda. Mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu hizo dawa na mpaka leo namkumbuka sura.
Halafu ngazi za rufaa sasa, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, kila ngazi nauli na siku za kulala mjini, shamba limebaki na nani? Na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa, ukivuka hapo haikulipii. Mpanda mpaka Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 500. Mionzi kwa miaka mingi ilikuwa Ocean Road peke yake, baadae ndo Bugando kule Mwanza nao wakaanza. Tathmini ya huduma za matiti nchini ya 2017 ilikuta kama asilimia 80 ya wagonjwa wanafika hatua ya 3 au 4, sasa asilimia 80 yote hiyo imezubaa?

Mkazi_wa_Musanze:
Naongezea ya huku Rwanda. Butaro ni hospitali iko kijijini kabisa wilaya ya Burera, kituo chake cha kansa kilifunguliwa 2012. Kuna utafiti ulitoka 2015 wa wagonjwa wa matiti wa Butaro na hospitali nyingine ya vijijini, wakapima muda unapotelea wapi: kati ya mgonjwa kuona dalili na kwenda kituo, miezi 5, kati ya kituo cha kwanza na kupata jibu la kansa, miezi 5 mingine. Yaani nusu nzima inaliwa na sisi wa huduma. Baada ya hapo wakaanza kuwafundisha manesi wa vituo vya afya Burera kupima matiti kwa mikono na kujua nani wa kumpa rufaa haraka. WHO nao wanasema jibu litoke ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo mara ya kwanza. Shangazi yako wiki saba zilikwisha kwa kinyama peke yake, na hapo sijahesabu zile dozi tatu.

Manusura_Mtwara:
Mimi nilichelewa na lilikuwa langu nakiri. Miezi minne nilificha, mama mkwe alisema uvimbe ukiguswa kisu unasambaa, na nimewaona wawili mtaani waliokatwa wakafa nikaamini. Kumbe walikatwa wakiwa wameshachelewa. Kwa hiyo hofu ipo msiifute, lakini hofu inakua pale ambapo kila anayeenda Dar anarudi kwenye jeneza. Aliyeko Tabata anaona waliopona wanauza vitumbua barazani, sisi tulikuwa hatuwaoni. Mwambie shangazi mimi nilikuwa hatua ya 3 mwaka 2019 na leo nimepalilia korosho.

Nesi_wa_Zamu:
@Binti_Katavi jambo moja la haraka. Wakija Dar wasije na karatasi ya majibu tu, waombe na kile kipande cha kinyama kilichogandishwa kwenye nta pale maabara. Kitahitajika kwa vipimo vya homoni, hivyo ndo vinaamua kama atapewa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isilishe kansa. Kikikosekana huenda akachukuliwa kinyama upya na kusubiri upya.

Binti_Katavi:
Hakuna aliyetuambia hilo! Nimempigia baba mdogo sasa hivi, kesho asubuhi anaenda maabara, basi lao ni Jumatano. Na @Manusura_Mtwara nimemsomea shangazi ujumbe wako kwenye simu, kanyamaza kidogo halafu akauliza, korosho heka ngapi?

Manusura_Mtwara:
Mbili na nusu, mwambie.