Gari la kamisheni limekufa giaboksi siku ya 12. Mzigo ni wa nani?

Dada wa Yadi

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwenu mlio kwenye biashara ya magari, maana tangu juzi usingizi hauji.

Nina yadi ndogo Tegeta, Dar es Salaam, kandokando ya barabara ya Bagamoyo. Nikisema ndogo ni magari saba yakibanana. Mawili ni ya kwangu, niliagiza Japani. Matano ni ya watu, nauza kwa kamisheni. Mtaji wa kujaza yadi yote sina. Gari likifika bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18, halafu hela yote inalala kwenye bati ukisubiri mteja. Kamisheni ndiyo inayolipa kodi ya kiwanja na mlinzi.

Mwezi uliopita baba mmoja aliniletea Toyota IST, toleo la pili, namba D (herufi za usajili zinaanza na D). Nikalijaribu hadi Boko na kurudi, halikuonyesha kasoro. Yeye alitaka milioni 14 mkononi, nikauza 14.5. Changu laki tano.

Aliyenunua ni mama mmoja nesi, anakaa Bunju, anafanya zamu za usiku mjini. Hela ni mkopo wa saccos. Alikuja mara tatu kabla ya kulipa. Mara ya tatu alifungua kila mlango na kuufunga taratibu, kama anayeogopa kuuumiza. Akaniuliza, "Mwanangu, hili halitaniangusha?" Nikamjibu, "Mama, chukua, liko vizuri." Maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu.

Siku ya 12, saa mbili asubuhi akitoka zamu, alipofika Lugalo gari likagoma. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma, matairi hayaendi. Likavutwa hadi kwangu. Hakunitukana wakuu. Alikaa kwenye benchi na sare yake ya kazi, akasema, "Mimi nilikuamini wewe. Huyo mwenye gari simjui."

Mkataba unasema gari limeuzwa kama lilivyo, na amesaini. Mwenye gari alishachukua hela yake yote. Nikimpigia anasema biashara ilikwisha. Giaboksi ya mtumba nimetajiwa milioni 1.3, bado ufundi. Nifanye nini kilicho cha haki?

Mzee wa Premio

Pole sana binti yangu. Ulipokosea ni pale ulipomkabidhi hela yote siku ileile. Gari la kamisheni likiuzwa hapa kwangu Kinondoni, naandikishana na mwenyewe kuwa milioni moja inabaki siku 14. Anayekataa namwambia apeleke gari lake yadi nyingine, na wengi wanaokataa wana sababu.

Gari likiingia tu, kabla hata ya kuoshwa, naangalia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki na deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara. Mteja akisimamishwa Mwenge kwa deni la mtu mwingine, jina linalotajwa ni la yadi. Na kadi haikai mkononi mwa mtu bila kubadilishwa jina TRA, mamlaka ya mapato. Nimewahi kuitwa polisi kwa ajili ya gari nililouza miaka miwili nyuma, kadi bado ina jina la mtu wa kwanza. Sitasahau siku ile.

Kijana wa Sinza

Mtumba ni mtumba dada. Amesaini, basi. Ukianza kulipa giaboksi za watu utafunga yadi kabla ya Krismasi.

Fundi Gerezani

Kijana, ngoja kwanza tujue limekufa lini.

Dada, IST ya toleo la pili yenye injini ya 1.5 kwa kawaida inatumia giaboksi ya CVT. Haipandi gia moja, mbili, tatu kama ile ya kwanza. Ndani mna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake ni ya CVT, siyo ATF, ile ya giaboksi otomatiki za kawaida. Mtu akijaziwa ATF mtaani, mkanda unaanza kuteleza na puli zinakwaruzika. Gari likiwa la baridi huwezi kujua. Tegeta hadi Boko na kurudi ni safari fupi mno: liendeshe nusu saa, oili ishike moto, kisha lisimamishe kwenye mlima na uliondoe taratibu. Hapo ndipo utalisikia.

Sasa fungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Chini mna sumaku ndogo za kunasa chuma. Unga laini kama majivu ni kawaida ya gari lililotembea. Ukikuta vipande vinavyong'aa, au sumaku imeota ndevu, ugonjwa ni wa zamani, nesi wa watu hana kosa.

Halafu piga kompyuta, lakini usiishie kusoma makosa. Mashine nyingi zina sehemu inayoonyesha gari limetembea kilomita ngapi tangu makosa yafutwe. Linganisha na kilomita ulizoandika gari lilipoingia kwako. Uliandika?

Mwanasheria Mdogo

Angalia mkataba: muuzaji aliyetajwa ni nani, na muhuri ni wa nani? Kama yadi imeandikwa kuwa muuzaji, mama anaweza kukudai wewe moja kwa moja. Kama umesaini kwa niaba ya mwenye gari, wewe ni wakala, na mzigo wa kwanza ni wake.

Kuhusu "kama lilivyo": Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaruhusu watu kukubaliana hivyo. Lakini maneno hayo hayamfuniki anayejua ubovu akauficha. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyeingizwa kwenye mkataba kwa udanganyifu anaweza kuuvunja. Kwa hiyo swali la fundi hapo juu ndilo litakaloamua.

Dada wa Yadi

Asanteni sana wote. Nimerudi na majibu.

Mkataba nilisaini kwa niaba. Fundi, shikamoo, na daftari ninalo: kila gari linaloingia getini naandika kilomita. IST iliingia na 98,391. Leo inasoma 98,969. Hapo ni kilomita 578 pamoja na safari zote za mama. Mashine imeonyesha makosa yalifutwa kilomita 584 zilizopita. Yaani kilomita 6 kabla halijakanyaga getini kwangu. Sampo nayo tukaifungua: sumaku zote nne zina ndevu, na vipande vimebaki kwenye kitambaa vinameta.

Nikamtumia mwenye gari picha mbili, ukurasa wa daftari na kioo cha mashine. Kimya toka saa sita mchana hadi saa kumi. Alipopiga, sauti ilikuwa nyingine kabisa. Akakiri taa ya hitilafu ilikuwa inawaka, fundi wake akaizima na kumshauri aliuze haraka. Amekubali kutoa milioni moja. Laki sita imeshaingia, laki nne kasema Ijumaa, na nimemtaka aandike.

Kijana wa Sinza, hoja yako nimeielewa. Laki tatu inayobaki na ufundi natoa mimi kwenye kamisheni ileile, kwa sababu aliyemwambia mama "liko vizuri" ni mimi, na sikuwa nimelipasha moto. Mzee, karatasi ya siku 14 nimeshaichapa. Wenye magari mawili wamesaini, mmoja kaondoa gari lake jioni hii.

Giaboksi inafungwa Alhamisi na oili ya CVT nitainunua mwenyewe. Mama nimempa Passo yangu imsogeze hadi hapo. Amenipigia sasa hivi akiwa zamu, anauliza buti lake linafunguliwa kwa wapi.