Naomba ushauri: alama za usemi na mapenzi katika hadithi ya Liyongo na Saada

Ndugu waandishi, habari za wakati huu. Nipo hapa Dodoma, na ninaandika hadithi ya shabiki, yaani hadithi mpya yenye wahusika wa kale, kuhusu Fumo Liyongo, shujaa wa tendi za Waswahili, na Saada, yule kijakazi aliyempelekea gerezani mkate wa wishwa (pumba) uliofichwa ndani yake tupa, kifaa cha kukatia chuma.

Usemi unapofuatwa na kitenzi cha kusema sina shida: “Usimpe mlinzi mkate huu,” Saada alinong'ona. Lakini ninapoukatiza kwa tendo, kama vile “Usiku ukiingia,” akatazama mlangoni, “anza kukata,” sijui kama panastahili mikato, nukta au vistari virefu, kwa kuwa kutazama si kusema.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni mapenzi yao, ambayo nimeyabuni mwenyewe. Saada ni mtumwa wa mama yake Liyongo, hivyo nachelea kwamba hata akikubali, kukubali kwake hakutakuwa kwa hiari. Je, aachwe huru kwanza, au mahaba yabaki katika macho na maneno machache? Wenzangu wanaosoma rasimu hapa Makole wanataka wawili hao wakumbatiane mapema, nami naona haraka hiyo itamvunjia Saada heshima. Mwenye uzoefu anielekeze, ikiwezekana kwa mfano wa aya moja.