Tupeane uzoefu: mliowahi kugawana bonde oevu na wenzenu, iliishaje?

Mwanabonde: Nimeona picha ya bonde limekauka hadi ardhi imepasuka, nikakumbuka la kwetu. Wa mpunga, wavuvi, wafugaji, wakata matete, wote maji yale yale. Ninyi mlipatana vipi? Semeni yaliyowakuta, semina tumeshahudhuria.

Mama Ukili: Sisi wasukaji wa mikeka hatukuitwa kikaoni, eti hatuna mashamba. Tulikuta mafunjo yameshafyekwa, vitalu vimepimwa.

Tope Jeusi: Kwetu kikao kilikwisha kwa makofi. Mpunga pembezoni, katikati paachwe samaki wazaliane, mifugo inyweshwe upande mmoja. Watu wakatia dole gumba. Halafu wenye vitalu vya juu wakachangishana, wakaleta katapila usiku. Mfereji ukapigwa katikati, kina kinamzidi mtu. Maji yakashuka, kambale wakabaki wanajiburuta kwenye tope, watoto wanawaokota kwa ndoo. Tulishangilia kitoweo, jamani!

Kiangazi kilichofuata, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza ukawa mkavu kama ugoro. Mtu akachoma mabua yake. Juu moto ukafa, chini ukaendelea kutembea. Moshi ukawa unachomoza mbali kabisa na palipochomwa. Ng'ombe akakanyaga, ganda likabomoka, mguu ukazama kwenye makaa. Mlio ule sijausahau. Ndoo kwa ndoo tulimwaga maji, wapi! Ulizimwa na mvua, bonde lilipojaa.

Kiroboto: Ardhi iungue kwa chini? Hii chai.

Tope Jeusi: Njoo nikuoneshe shimo.

Mgeni wa Jana: Si chai. Udongo huo ni mimea iliyorundikana majini miaka na miaka bila kuoza ikaisha. Ukiukausha, umeandaa kuni.

Fimbo Mkononi: Ng'ombe alipona?

Tope Jeusi: Alichinjwa palepale.

Fimbo Mkononi: Na bado mtasema wafugaji ndio wanaharibu mabonde.

Jembe la Mpini: Nani kakutaja? Ng'ombe wenu wakiingia kwenye miche mbona huwa hampigi kelele hivi?

Mwanabonde: Nyie wawili nendeni inbox.

Kiroboto: Zibeni mfereji, hatua kwa hatua, magogo na viroba vya udongo. Maji yatapanda yenyewe.

Jembe la Mpini: Wazibe wafuge mbu?

Mama Ukili: Wa kula viluwiluwi vya mbu mliwaokota kwa ndoo.

Mgeni wa Jana: Hata Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, haukatazi kuitumia. Unataka itumike kwa busara.

Tope Jeusi: Busara ya nani, ya mwenye katapila?

Kimo cha Maji: Sisi tulichomeka nguzo yenye mstari mwekundu. Maji yakifika chini ya mstari, mlango wa mfereji unafungwa, hakuna kikao. Ufunguo anakaa nao mvuvi.

Jembe la Mpini: Akigoma kufungua yakijaa?

Kimo cha Maji: Aligoma. Miche ikazama. Sasa kufuli ni mbili, ya pili ya mkulima.

Kiroboto: Mmoja akisafiri?

Kimo cha Maji: Anaacha ufunguo kwa mkewe. Na hao wake zao ndio hawaelewani kabisa.