Tupeane uzoefu: wazee wanaochekesha na kufichua njama

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba tupeane uzoefu kuhusu hadithi za njama ambazo shujaa wake ni mzee wa kuchekesha, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Naanza mimi. Usiku mmoja umeme ulipokatika kule Katuba, nilisimamisha simu yenye tochi ndani ya bilauri, nikamsomea nkambo wangu (yaani bibi yangu mzee), huku nikitafsiri papo kwa papo, riwaya ya Dorothy Gilman ya mwaka 1966 juu ya Bi Pollifax, mjane wa Marekani mwenye kupenda maua, ambaye alikwenda CIA kuomba kazi ya ujasusi na, kwa kuwa ofisa alimdhania mtu mwingine, akatumwa Mexico City kuchukua kitabu dukani. Nkambo alikuwa akimenya karanga. Nilipofika mahali bibi huyo anapotekwa, vidole vya nkambo vilisimama. Akasema: «Wamemteka mtu asiye na haraka. Wamekwisha.»

Wa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi): Mimi nilitazama katika ukumbi wa video wa mtaani ile filamu ya 2010 ya majasusi wastaafu, ambamo mwigizaji Helen Mirren, aliyezaliwa 1945, anafyatua bunduki kubwa akiwa amevaa gauni jeupe la sherehe. Vijana walishangilia hadi sauti ya filamu ikapotea, lakini mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alinigeukia kwa utulivu, akasema: «Huyo, pensheni yake imechelewa.»

Wa Kamalondo: Naomba kutofautiana kidogo. Katika riwaya ya Jonas Jonasson ya 2009, mzee wa Uswidi anayetimiza miaka 100 anatoroka makao ya wazee kwa kupitia dirishani, amevaa ndara, kisha anaondoka na sanduku la kijana mmoja bila kujua kwamba limejaa fedha. Nilicheka sana, ila niliinua macho nikaona nondo za dirisha langu. Hapa kwetu hadithi ingeishia ukurasa wa kwanza.

Wa Katuba tena: Wa kwetu angepita mlangoni, na kila mtu angemwamkia bila kumuuliza aendako! Nani amzuie mzee?

Wa Ruashi: Hapo ndipo penye utamu wenyewe, kwa maana mla njama hujihadhari na polisi na waandishi wa habari, lakini mbele ya kikongwe huongea wazi kama yuko peke yake. Kwenye kilio kimoja cha ukoo wetu, bahasha ya michango ilipotea, na vijana wakaanza kupekuana kwa vishindo hadi wakakaribia kupigana. Nkambo mmoja, ambaye tangu asubuhi tulidhani amesinzia kwenye kiti chake, aliomba kwanza aongezewe sukari katika chai, akakoroga, akaonja, ndipo akauliza kwa upole ni kwa nini mkwe fulani, katika joto lile la Oktoba, alikuwa amekwenda chooni mara tatu na koti.