Naomba ushauri: mashua ya matanga ya 1979 au ya 2008?

Habari zenu wakuu. Natafuta mashua ya safari ndefu, tutakuwa wawili, na nimebaki na mbili za futi 36. Ya 1979 ina mkuku (uti wa chini ya mashua) mrefu ulioshikana na usukani, faiba nene, inashika njia vizuri mno. Ila nilipogonga sitaha karibu na mlingoti kwa mpini wa bisibisi, ilitoa sauti butu, kama mbao iliyolowa, nahofia maji yameingia ndani ya sitaha. Ya 2008 ni nyepesi, pana tezini (nyuma), ina kasi. Lakini mkuku umefungwa kwa bolti na usukani unaning'inia peke yake, na hilo linaninyima usingizi. Zote nimezijaribu kwenye upepo mdogo tu.

Je, sitaha iliyolowa hutengenezeka bila kuifumua yote? Na bolti za mkuku nizikague vipi kabla ya kununua?