Bagamoyo siku moja na watoto na mama mkwe, inawezekana? Naomba ushauri

Mama Watatu: Habari za jioni wakuu. Jumamosi nataka niwatoe watoto, wa mwisho ana miaka mitano. Mama mkwe naye yuko kwetu, katoka Njombe, bahari kaionea Feri tulipofuata samaki. Tunakaa Tegeta, gari ni Noah ya shemeji, mafuta juu yangu. Orodha yangu: Kaole, Ngome Kongwe, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), Boma la Mjerumani, misheni, halafu tuogelee. Baba watoto kacheka, eti hiyo ni ya siku tatu. Mama goti linamsumbua, hawezi kusimama sana. Nipunguze wapi? Halafu wa darasa la nne kafundishwa habari za watumwa, ananiuliza maswali mpaka kitandani.

Mkwere wa Pwani: Karibuni kwetu. Baba watoto kacheka kwa haki. Anzeni Kaole, mfike kabla ya saa tatu, maana magofu yako wazi na jua la mchana pale halina huruma. Msikiti ni wa karne ya 13, wa mawe ya matumbawe. Watoto waangalie makaburi ya nguzo: yale matundu ya duara juu yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Kisha waulize bahari iko wapi. Pale palikuwa bandari, leo unaona mikoko tu! Mama mbebeeni kiti cha plastiki akae kwenye kivuli cha mbuyu.

Dada wa Bunju: Kiti ni muhimu kuliko kamera. Chukua na kitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Mimi kuna kijana alitudaka barabarani akajiita mwongozaji, tukamlipa, kufika getini tukalipa tena. Ulizeni wa ndani. Boma la 1897 litazameni kutoka garini, inatosha.

Kijana wa Posta: Kwa nini mteseke? Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za makabila kibao, saa nne mmemaliza.

Mama Watatu: Tulishaenda mkuu. Mama alikaa kwenye kizingiti cha nyumba moja akawasimulia wajukuu mpaka jua likatufukuza. Ndiyo maana sasa nataka pwani.

Mwalimu Mstaafu: Binti yangu, Caravan Serai iache, misheni usiiache. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawa wanakomboa watumwa, na makumbusho yao yanaeleza vizuri. Mtoto atauliza kuhusu mnyororo uliomezwa na mbuyu. Mwambie mapema kwamba ule si wa watumwa, inasimuliwa kuwa ulikuwa wa kufungia punda. Wengi hurudi nyumbani na hadithi isiyo yenyewe.

Halafu mpeleke kwenye mnara wa kanisa la zamani, mumsimulie Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Hao na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukalala pale usiku mmoja Februari 1874. Na Chuma mwenyewe alikombolewa utumwani akiwa mdogo. Jina la mji nalo lina maelezo mawili: mpagazi kafika, kabwaga mzigo na moyo umetulia, au mtumwa anauacha moyo wake pwani kabla ya jahazi. Mpe yote mawili, wa darasa la nne anaweza.

Mkwere wa Pwani: Mwalimu kamaliza. Ngome iko njiani, ila ngazi zake mama asipande.

Mama Watatu: Asanteni sana. Basi Kaole, misheni, chakula, ngome kwa atakayetaka, kisha ufukweni. Saa kumi tunageuza kabla foleni ya Bunju haijakaza. Mama nimemsomea ile ya kiti. Leo ni Jumanne, keshakiweka mlangoni.