Mafua makali yameingia kwenye makao ya Bibi

Mwanaidi: Habari za jioni wote. Muuguzi wa makao ya wazee kanipigia sasa hivi. Wazee wawili wa upande wa Bibi wameanza kuumwa tangu juzi, homa na kikohozi. Mmoja kapimwa, ni influenza. Bibi hana kitu, ila wanaomba ruhusa ya kumwanzishia dawa leo.

Mjomba Hamisi: Dawa ya nini na haumwi? Si alichanjwa?

Salma: Shikamoo Mjomba. Wawili ndani ya saa 72, mmoja akiwa na kipimo, huo tayari ni mlipuko. Hapo hawangoji wa tatu. Wagonjwa wanapewa oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza, mara mbili kwa siku, siku 5. Wazima wa upande ule mara moja kwa siku, aliyechanjwa na asiyechanjwa.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Sasa chanjo ilikuwa na kazi gani?

Salma: Kazi kubwa sana. Inampunguzia hatari ya kulazwa na ya kufa. Lakini mwili wa mzee huitikia chanjo kwa udhaifu, na kirusi sasa kiko chumba cha jirani. Bibi anahitaji vyote viwili.

Juma: Mimi naenda kumchukua usiku huu, akae kwangu.

Salma: Kaka Juma nakuomba usimtoe. Mtu akiambukizwa hukaa siku 1 hadi 4 ndipo dalili zije, na huanza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kama Bibi ameshakipata, utakipeleka kwa mtoto.

Juma: Mtoto ana miezi mitatu. Hawezi kuchanjwa?

Salma: Mpaka afikishe miezi 6.

Juma: Basi. Abaki.

Mwanaidi: Figo za Bibi je? Dawa haitamdhuru?

Salma: Umeuliza la maana. Dawa hiyo hutolewa na figo, kwa hiyo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa. Waambie waangalie kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwenye faili lake kabla ya kumpa.

Mjomba Hamisi: Atameza hadi lini?

Salma: Si chini ya wiki 2, na zipite siku 7 tangu mgonjwa mpya wa mwisho aanze kuumwa. Wasikatishe kwa kuwa kikohozi kimepungua ukumbini.

Salma: Na mkiongea naye msisikilize homa tu. Mzee anaweza kuwa na influenza na joto lisipande. Akikataa chakula, akianza kuchanganya maneno ghafla, au akishindwa kuinuka, piga simu kwa muuguzi saa hiyo hiyo. Dawa ya kutibu hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, wala hawahitaji kungoja majibu ya maabara.

Salma: Kinachoniuma mimi ni wahudumu. Wazee hawatoki, kirusi huingizwa na sisi tunaotoka nje. Mhudumu mwenye homa anapaswa kukaa nyumbani hadi saa 24 zipite bila homa, tena bila dawa ya kuishusha. Lakini kama siku ya kuugua hailipwi atakuja kazini, ana watoto wa kulisha. Da Mwanaidi, waulize hilo waziwazi. Uliza pia kama wahudumu wa upande ule wamezuiwa kwenda pande nyingine.

Mjomba Hamisi: Uliza kwa jina langu pia.

Mwanaidi: Nimerudi. Ruhusa nimetoa. Figo wameangalia, dozi imepunguzwa, kameza ya kwanza. Wahudumu hawahami upande. La malipo ya ugonjwa kasema atalifikisha kwa mkuu, nitampigia kesho anijibu. Ukumbi umefungwa, wanakula vyumbani.

Juma: Peke yake siku zote hizo?

Salma: Ndiyo, na upweke nao unamdhoofisha. Mjomba, wakiruhusu wageni, nenda na barakoa, na unawe mikono ukiingia na ukitoka. Ukiwa na kikohozi hata kidogo usiende.

Mjomba Hamisi: Nimeelewa. Tupeane zamu za simu basi. Mimi mchana.

Juma: Asubuhi niachieni mimi, anywe chai tukiongea.

Mwanaidi: Usiku ni wangu.